Tarakimu Nne

Nimerudi zamu ya usiku kiwandani,
mikono bado inanuka maziwa,
naambiwa bando limekwisha.
Bando la mwezi, na leo tarehe kumi na moja!
Nani kalila?
Kombo anatazama dari.
Mama mkwe anamenya chungwa la Muheza,
ganda refu lisilokatika,
kana kwamba hajasikia.

Basi nikakaa sakafuni na rimoti,
hapa Ngamiani, barabara ya kumi na tisa,
nikaingia kwenye mipangilio
kama mtu aingiaye stoo bila taa.
Udhibiti wa wazazi. Bonyeza.
Mtoto ana umri gani? Miaka tisa.
Aone nini, asione nini?
Damu: hapana.
Matusi: hapana.
Mapenzi...
hapo nikasita, kidole hewani,
nikamkumbuka marehemu mama
alivyonifuata banda la video, Makorora,
akanitoa kwa sikio
mbele ya wenzangu, mkanda haujafika hata nusu,
kanga moja kiunoni, nyingine inaburura.
Namba ya siri hakuwa nayo.
Alikuwa na kiganja kilichonuka vitunguu,
kimoja tu,
na kilitosha macho yote mawili.

Mapenzi: hapana.
Kwa sasa.

Chagua tarakimu nne.
Nikachagua mwaka, sisemi upi.
Rudia. Nikarudia.
Mlango ukafungika bila bawaba kulia,
bila komeo, bila ufunguo wa kuficha chini ya godoro,
nami nikajiona mzazi.

Kisha nikafungua orodha ya vilivyotazamwa
kwenye jina la Kombo, lenye picha ya kima anayecheka.
Jumanne, saa saba usiku: majambazi wa mapanga,
sehemu ya kwanza.
Saa nane: majambazi wa mapanga, wale wale,
waliosalia.
Saa tisa: mke aliyemtilia mumewe sumu kwenye uji.

Saa tisa usiku mwanangu hulala fofofo,
mdomo wazi, mguu ukutani.

Nikageuka.
Chungwa lilikwisha menywa, linaliwa.
"Ule uji," akasema Bi Mwanashehe,
akitema kokwa kiganjani,
"ulikuwa mzito mno. Sumu isingekolea."

Saa mbili jioni nikawasha taarifa ya habari.
Mji wa mbali, jina lake sikulidaka.
Vifusi. Kiatu kidogo. Mtu anachimba kwa mikono.
Kombo anakula wali, anatazama.
Hakuna aliyeniuliza namba.
Upande wa jirani sahani ikapasuka,
mwanamke akalia, akanyamaza ghafla,
na kijiko cha mwanangu kikasimama njiani.
Nikabonyeza rimoti, nikapandisha sauti,
nikaishusha,
maana sikujua lipi lifunikwe na lipi.
Ukuta hauna mipangilio.

Usiku ule ilikuwa zamu yangu ya mapumziko.
Nilijilaza, sikulala.
Sebuleni mnong'ono:
"Inataka nini hii? Inaniuliza miye umri?"
"Si umri, bibi. Namba."
"Namba gani? Ya simu?"
Kimya. Feni inazunguka.
Kisha mjukuu wake, kwa upole wa fundi saa:
"Mama huweka mwaka niliozaliwa.
Kila kitu huweka huo huo."
Nikahesabu mibonyezo gizani:
mmoja, wa pili, wa tatu,
na wa nne ambao ningeweza kuinuka kuuzuia.
Mlio mdogo. Mlango wangu ukawa wazi.

"Haya, nenda kalale," bibi akamwambia.
"Hii si ya watoto."

Nikasikia nyayo zake zikirudi,
kitanda kikilia,
na kule sebuleni sauti ikipunguzwa, ikipunguzwa tena,
ili sisi wawili tusiamke.